Namna ya kuusoma mto Loire kwa baiskeli, darubini na subira

Ndugu na marafiki wanaonitembelea hapa Orléans huja na orodha ya makasri mkononi: Chambord, Chenonceau, Amboise. Makasri ni mazuri kweli, lakini huwa nawaomba siku mbili za kwanza tuupe mto. Kasri limesimama pale pale tangu karne ya 16 na litakusubiri. Loire wa Mei si Loire wa Agosti, na Loire wa leo asubuhi huenda si ule utakaouona wiki ijayo. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wao tukiwa njiani, kwa yeyote atakayefika Ufaransa akapenda kuuelewa mto huu badala ya kuupiga picha tu na kuondoka.

Kwanza uuweke mto wote kichwani. Loire una urefu wa takriban kilomita 1,006, ndio mrefu kuliko yote Ufaransa. Unaanzia kwenye miteremko ya Mont Gerbier-de-Jonc, kilima cha mwamba wa volkeno chenye kimo cha mita 1,551 katika wilaya ya Ardèche. Mwanzoni unaelekea kusini, kisha unageuka na kupanda kaskazini hadi Orléans, na hapo unapinda kuelekea magharibi mpaka Bahari ya Atlantiki huko Saint-Nazaire. Bonde lake linachukua eneo la kilomita za mraba zipatazo 117,000, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Ufaransa ya Ulaya. Chora upinde huo kwenye karatasi. Utakusaidia kuliko ramani ya simu, kwa sababu karibu kila tabia ya Loire inatokana na umbo hilo: kichwa chake kiko karibu na Mediterania, mdomo wake uko Atlantiki.

Anza na namba ya maji

Kabla ya kufunga mizigo, fungua Vigicrues, huduma ya serikali ya Ufaransa inayoonyesha hali ya mito. Chagua kituo cha Orléans. Utaona michoro miwili, mmoja wa kimo cha maji kwa mita na mwingine wa mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde. Wageni wengi hushtuka wakikuta kimo kimeandikwa kwa namba hasi. Kipimo hakijaharibika. Sifuri ya kipimo iliwekwa zamani, na tangu wakati huo sakafu ya mto imeshuka, hivyo wakati wa kiangazi maji hukaa chini ya sifuri hiyo. Sababu ya kushuka nitaieleza mbele.

Mimi huangalia zaidi mtiririko. Wastani wa mwaka hapa Orléans ni karibu mita za ujazo 350 kwa sekunde, lakini wastani huo usikudanganye, maana Loire hukaa kwenye wastani wake kwa nadra sana. Chini ya 100, mafungu ya mchanga yanatokeza kila mahali na mto unagawanyika kuwa vijito vinavyosukana. Kati ya 100 na 300 ndiyo hali ninayoipenda kwa mgeni wa mara ya kwanza, kwa kuwa mchanga upo, maji yapo, ndege wapo. Ikipita 800, visiwa vingi vya chini vimezama na kilichobaki ni kutazama nguvu ya maji kutoka juu ya daraja. Ikifika 1,500 kaa juu ya tuta, usishuke kabisa njia za ukingoni. Na Vigicrues ikionyesha rangi ya chungwa au nyekundu, badilisha safari.

Kwa nini mto mmoja uwe na sura nyingi hivyo? Kwa sababu mvua yake hutoka pande mbili. Vuli, hewa yenye joto na unyevu kutoka Mediterania hugonga milima ya Cévennes na Vivarais, na mvua ya siku moja au mbili huko juu hushuka kwa kasi hadi uwandani. Kipupwe, mvua ndefu za Atlantiki huingia kutoka magharibi na kuijaza mito ya chini kama Vienne na Maine. Kila moja peke yake huvumilika. Zikikutana, yaani mvua ya bahari ikiwa imekwisha kulowesha ardhi na tufani ya Mediterania ikashuka juu yake, ndipo huja mafuriko yanayoingia katika historia. Yale ya 1846, 1856 na 1866 yalikuwa makubwa kiasi hicho, na katika mafuriko ya 1856 sehemu ya kati ya mto ilipitisha zaidi ya mita za ujazo 6,000 kwa sekunde. Linganisha na ile 100 ya Agosti uone upana wa tabia yake.

Kama una siku moja tu ya kuelewa jambo hili, nenda Bec d'Allier, karibu na Nevers. Hapo ndipo Allier unapoungana na Loire, na mito hiyo miwili inakaribiana kwa ukubwa kiasi kwamba ukisimama kwenye ncha huwezi kusema upi umemezwa na upi umemeza. Upande wa Allier mara nyingi maji huwa na rangi tofauti kidogo, na mstari wa mkutano huonekana ukishuka pamoja na mkondo. Kilomita chache kutoka hapo kuna daraja la mfereji la Guétin, ambapo mashua hupita juu ya Allier ndani ya mfereji wa mawe. Ukiwa na watoto, hapo watakushukuru.

Kusoma mchanga

Sasa shuka ukingoni, maji yakiwa machache, mahali panaporuhusiwa. Fungu la mchanga lina kichwa na mkia. Kichwa ni upande unaopokea maji, na utakuta kokoto kubwa, nyingine ukubwa wa ngumi. Tembea kuelekea mkiani na uangalie kokoto zikipungua ukubwa, kisha changarawe, kisha mchanga mnene, na mwishoni mchanga laini wenye tope. Mto umezipanga kwa uzito, kwa sababu kila kasi inapopungua mkondo huacha kile usichoweza kukibeba tena. Mgeni akitembea hatua mia moja juu ya fungu moja, namna mto unavyofanya kazi ameshaiona chini ya viatu vyake.

Halafu chuchumaa uokote. Kokoto nyeusi, nzito, zenye vitundu vidogo ni basalti ya volkeno za Velay na Auvergne, zimesafiri mamia ya kilomita. Zile za waridi au kijivu zenye chembe zinazometa ni matale ya nyanda za juu za kati. Nyeupe zisizopitisha mwanga vizuri ni kwatzi. Za hudhurungi zenye ukingo mkali kama zilizopasuliwa ni jiwe la gumegume, na hizo ni za karibu zaidi, kutoka tabaka za chokaa. Weka nne mkononi, umeshika jiolojia ya nusu ya Ufaransa. Kisha zirudishe chini, kwa sababu kuna viumbe wanaozihitaji, tutawafikia.

Ukifika mwisho wa fungu upande wa chini, simama. Hapo mchanga haushuki taratibu. Unakatika ghafla kwa mteremko mkali ndani ya maji, na mbele yake kuna shimo ambalo jana huenda halikuwepo. Mchanga wa ukingo huo haujashikana. Ukiukanyaga unaporomoka na wewe unaenda nao. Hivi ndivyo watu wanavyozama Loire wakati wa kiangazi, katika maji yanayoonekana kumfika mtu magotini. Mto huu haupigi kelele, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Usiogelee, hata ukiona wengine wanaogelea. Kuogelea kumepigwa marufuku sehemu nyingi za mto, na marufuku hiyo ina makaburi nyuma yake.

Ukiwa salama juu ya fungu, jifunze kusoma uso wa maji kama walivyosoma mabaharia wa mto. Maji yanayochora alama ya V yenye ncha kuelekea juu ya mto yana kitu kilichozama kwenye ncha hiyo: gogo, jiwe, nguzo ya zamani. V yenye ncha kuelekea chini ya mto ni ulimi wa mkondo, ndipo kina kilipo. Maji yenye vikunyanzi vidogo vinavyometa ni mafupi. Maji laini, meusi, yasiyo na mikunjo ni marefu. Mzee mmoja wa hapa, aliyevua samaki mto huu maisha yake yote, hunitajia kina cha mkono wa mto kwa kuutazama tu, kisha hushusha upondo kuthibitisha. Upondo wenyewe huitwa bourde, mti mrefu wenye ncha ya chuma. Ukipata nafasi ya kupanda mashua za jadi zenye tako bapa ziitwazo toue, kaa karibu na mwenye bourde na umwache aongee. Mashua hizo hubeba abiria miji kadhaa, kuanzia Orléans hadi Blois, Chaumont na Amboise, na kila mwaka wenye namba witiri, yaani 2023, 2025 na kuendelea, Orléans hufanya Festival de Loire mwezi wa Septemba, mashua zikajaa gatini.

Jambo moja la jiografia ambalo mwenye mashua atakuambia kabla ya jingine lolote: upepo. Mkondo unashuka kuelekea magharibi, na upepo unaovuma zaidi hutoka magharibi kuelekea mashariki. Kwa hiyo kutoka Nantes mashua zilipanda mto kwa tanga, na kurudi zilishuka kwa mkondo. Chumvi na bidhaa za ng'ambo zilipanda hivyo hadi Orléans, mahali ambapo mto unakaribia Paris kuliko kwingine kote, kisha zikaendelea kwa barabara. Mfereji wa Briare, uliokamilika 1642, uliunganisha Loire na Seine. Reli ilipofika Orléans mwaka 1843, biashara ya mashua ilianza kufa, na ndani ya miongo michache ikawa imekwisha. Magati ya mawe mnayoyaona kila mji, yenye mteremko na pete za chuma, ni ya enzi hiyo.

Kuanzia Aprili, kisiwa si cha binadamu

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo mgeni mwenye nia njema anapoweza kuua bila kujua.

Mafungu ya mchanga yasiyo na nyasi, yaliyozungukwa na maji, ni mahali pa kutagia mayai kwa ndege ambao hawana mahali pengine. Wa kwanza ni buabua mdogo, sterne naine kwa Kifaransa, mweupe mwenye utosi mweusi na mdomo wa manjano wenye ncha nyeusi. Binamu yake mkubwa, sterne pierregarin, ana mdomo mwekundu. Wote wawili huja majira ya kuchipua kutoka pwani za Afrika, wakatua juu ya kokoto, wakafanya kishimo kidogo tu kwa kifua na kutaga humo. Hakuna nyasi, hakuna matawi. Yai lina rangi ya kokoto zilizolizunguka, madoa kwa madoa, kiasi kwamba unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwake ukiangalia moja kwa moja na usilione. Hiyo ndiyo kinga yake dhidi ya kunguru, na ndiyo hatari yake kwa mguu wako. Ndege wa tatu, petit gravelot, mwenye pete ya manjano jichoni na mkufu mweusi shingoni, hutaga vivyo hivyo.

Hata usipokanyaga yai, kuwepo kwako kunatosha. Mzazi huruka, na yai lililoachwa juu ya mchanga wa jua la Juni huiva. Ndiyo maana visiwa vingi vimewekewa amri ya wilaya inayokataza kushuka, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi katikati ya Agosti, na mabango yako ukingoni. Heshimu pia kile kisichokuwa na bango. Mtumbwi wako usitie nanga kisiwani, mbwa wako awe na kamba, na ndege isiyo na rubani ibaki nyumbani. Ukiona ndege weupe wanapanda juu ya kichwa chako, wanapiga kelele na kushuka kama wanataka kukudonoa, rudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia. Hao hawachezi. Wanakueleza kwamba umo nyumbani kwao.

Namna sahihi ya kuwaona ni kutoka ukingoni, kwa darubini. Chagua asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Kaa chini, kwa sababu mtu aliyeketi huwatisha kidogo kuliko aliyesimama. Usitafute kiota, tafuta buabua mwenye samaki mdomoni na umfuate kwa macho. Atakupeleka mwenyewe. Ukisubiri robo saa utaona jinsi anavyosimama angani akipiga mbawa haraka, anajitupa majini na kutoka na kisamaki kama kidole. Mimi hadi leo nikiona hivyo huacha kuongea katikati ya sentensi.

Kwenye kuta za mchanga wima, pale mto unapokula ukingo, tafuta safu za vitundu. Hapo ni kwa mbayuwayu wa kingo, hirondelle de rivage, na miaka ya karibuni keremkerem pia hutoboa humo, rangi zote. Ukingo unaoporomoka humkera mkulima, lakini bila ule mporomoko ndege hawa hawana ukuta mpya wa kutoboa. Mdiria naye anahitaji ukuta huo huo. Furukombe, yule tai mvuvi, alikuwa ametoweka Ufaransa bara kama ndege wa kuzaliana, akarudi katikati ya miaka ya 1980 katika msitu wa Orléans. Kuna kibanda cha kumtazama kwenye bwawa la Ravoir, upande wa Ouzouer-sur-Loire. Nenda Mei au Juni, makinda yakiwa kiotani.

Mwishoni mwa Mei utaona pamba inaruka hewani na kutanda juu ya maji. Ni mbegu za mpopla mweusi. Mbegu hiyo huishi muda mfupi sana na inataka kitu kimoja tu, mchanga mtupu wenye unyevu, unaoachwa na maji yanayoshuka taratibu ili mzizi uyafuate chini. Ukikuta mistari ya miche midogo iliyosambaa sambamba na ukingo, kila mstari ni mahali maji yaliposimama kwa siku kadhaa. Hiyo ni kalenda ya kushuka kwa mto mwaka huo.

Vipi kuhusu biva, castor kwa Kifaransa, yule mgugunaji mkubwa wa majini? Yupo, ingawa utaona kazi yake kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa ametoweka Loire kwa kuwindwa, na kati ya 1974 na 1976 waliachiliwa 13 karibu na Blois, kutoka bonde la Rhône. Wamesambaa bonde karibu lote. Tafuta vijiti vya mwerebi vilivyomenywa gome vikawa vyeupe, vimekatwa mshazari kila mwisho, na uvishike karibu na jicho: utaona mifereji midogo ya meno ya mbele, sambamba. Hapa hajengi mabwawa, mto ni mpana mno. Huchimba tundu ukingoni lenye mlango chini ya maji. Jaribu jioni sana, kimya.

Panda tuta, soma kuta

Kuanzia juu ya Orléans hadi Angers, pande za mto kuna matuta marefu ya udongo na mawe, levées. Yalianza Zama za Kati yakiwa mafupi, Henri Plantagenet, mfalme wa Uingereza na mtawala wa Anjou, akayahimiza huko katika karne ya 12, na wafalme waliofuata wakayapandisha hadi yakafika mita kama saba sehemu nyingi. Njia ya baiskeli, La Loire à Vélo, ya kilomita kama 900, hupita juu yake kwa sehemu kubwa. Simama juu ya tuta, tazama mto upande mmoja, kisha geuka utazame mashamba na nyumba upande wa pili. Wakati wa mafuriko makubwa, maji ya upande huu huwa juu kuliko paa za chini za upande ule. Waliojenga waliamini tuta likiongezwa mto utatii. Mwaka 1856 mto ulilipasua sehemu nyingi.

Baada ya hapo wahandisi walibadili mawazo, wakajenga déversoirs, vipande vya tuta vilivyoshushwa makusudi ili maji yamwagike mahali palipochaguliwa. Cha aina hiyo kipo pia Blois, La Bouillie. Watu walikuja kujenga nyumba kwenye njia ya maji hayo, na katika karne hii nyumba nyingi zilinunuliwa na kubomolewa ili njia iwe wazi tena. Ukipita hapo utaona uwanda mtupu pembeni ya mji. Nenda polepole. Naona ni mahali pa ujasiri kuliko kasri lolote la bonde hili.

Katika kila mji tafuta mistari iliyochongwa kwenye kuta za nyumba, nguzo za madaraja na kuta za makanisa, yenye miaka pembeni. Hapa kwetu utaona 1846, 1856, 1866. Ukishuka chini ya Angers miaka inabadilika, 1910 na 1982 zinajitokeza, kwa sababu huko ni mvua za Atlantiki ndizo zinazotawala. Weka kiganja kwenye mstari. Kisiwa cha Béhuard, chenye kanisa dogo juu ya mwamba, ni mahali pazuri mno kwa hili. Watu wake wamezoea kuishi na maji mlangoni.

Maji yanayopotea

Hili huwashangaza hata Wafaransa. Juu ya Orléans, sakafu ya mto imelala juu ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, na sehemu ya maji ya Loire huzama ardhini. Siku chache baadaye hutokea tena kusini mwa mji, katika bustani ya Parc Floral de La Source, kwenye chemchemi iitwayo Bouillon. Hapo unazaliwa mto Loiret, wenye urefu wa kilomita kama 12 tu, na ambao umeipa wilaya nzima jina. Kwa hiyo Loiret si mto mwingine. Ni Loire uliopita chini kwa chini na kurudi kwa mama yake. Nenda baridi kali ya Januari: maji yametoka ardhini na joto lake, na mvuke husimama juu ya chemchemi.

Mikono ya binadamu

Nilisema sakafu imeshuka. Kwa miongo kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mchanga ulichimbwa mtoni kwa ajili ya saruji na barabara, kwa kasi kubwa kuliko mto unavyoweza kuurudisha. Tarehe 9 Aprili 1978, daraja la Wilson huko Tours, la mawe, la karne ya 18, liliporomoka. Misingi yake ya mbao ilikuwa imebaki bila mchanga wa kuishika. Uchimbaji ndani ya mkondo ulikomeshwa miaka ya 1990, lakini kovu lipo: mkondo mkuu umezama, mikono ya pembeni imekauka, na visiwa vilivyokuwa mchanga mtupu vimekuwa misitu. Ukiona wakati wa vuli mashine ziking'oa mierebi kisiwani, usikasirike. Wanarudisha mchanga wazi kwa ajili ya buabua na njia kwa ajili ya mafuriko.

Mabwawa nayo yana habari mbili. Villerest, karibu na Roanne, na Naussac, juu ya Allier, yalikamilika miaka ya 1980. Huachia maji kiangazi, na sehemu kubwa ya maji unayoyaona Agosti yenye ukame hutoka humo. Bila hayo, vituo vinne vya nyuklia vya Belleville, Dampierre, Saint-Laurent na Chinon vingepata taabu ya maji ya kupoozea. Bwawa lingine, Serre de la Fare karibu na Le Puy-en-Velay, halikujengwa. Wapinzani walipiga kambi bondeni mwaka 1989, kambi ikadumu miaka mitano, na mradi ukafutwa. Nina deni kwao, nami silifichi.

Waliopata afueni zaidi ni samoni. Samoni wa Allier huingia kutoka Atlantiki na kupanda zaidi ya kilomita 800 hadi maji baridi ya milimani kutaga. Hakuna samoni wengine Ulaya Magharibi waliobaki na safari ndefu hivyo. Uvuvi wake umepigwa marufuku bondeni tangu 1994. Mwaka 1998 bwawa la Saint-Étienne-du-Vigan lilibomolewa, likafuata la Maisons-Rouges kwenye Vienne, na la Poutès limepunguzwa kimo ili samaki wapite. Vichy kuna mahali pa kutazama samaki wakipanda ngazi yao. Nenda majira ya kuchipua, na uwe tayari kutoona samoni hata mmoja, maana bado ni wachache mno.

Kumalizia safari baharini

Ukiufuata mto hadi Tours, jiwe la nyumba linakuwa jeupe na laini, tuffeau. Candes-Saint-Martin, panda nyuma ya kanisa uone Vienne ukiingia. Baada ya Angers paa na kuta zinakuwa nyeusi, tumeingia nchi ya mawe ya sleti, na mikono ya pembeni ya mto huitwa boires. Karibu na Montjean wastani wa mtiririko umefika kama mita za ujazo 850 kwa sekunde.

Ukifika Ancenis bahari imekwisha kukufikia: hapo ndipo mawimbi ya kujaa na kupwa yanaishia kuhisiwa, mbali kutoka pwani. Nantes na kuendelea, maji ni ya hudhurungi. Ni tope laini linalosukumwa juu na chini na bamvua, na kiangazi linakuwa zito hadi oksijeni inapungua na samaki wanataabika. Kwenye mawe ya magati ya Nantes, kati ya mistari ya maji kujaa na kupwa, angalia mmea mrefu wenye miavuli ya maua meupe: ni angélique des estuaires, haupatikani popote duniani isipokuwa midomo ya mito ya Atlantiki ya Ufaransa. Uutazame tu, unalindwa kisheria.

Kwa usafiri, treni za mkoa, TER, kati ya Orléans na Tours husimama Meung, Beaugency, Blois na Amboise, hivyo unaweza kuendesha kwenda na kurudi kwa reli. Kiangazi kuna treni maalumu yenye behewa la baiskeli inayofika hadi Le Croisic. Upepo wa magharibi uliozipandisha mashua utakupiga usoni ukielekea baharini. Asiye na haraka na afanye kinyume, aanzie Saint-Brevin-les-Pins, kwenye mdomo wa mto. Kwa miguu, sheria inakupa njia ya mita 3.25 kando ya mto wa serikali, hata mbele ya mashamba ya watu, ila funga lango unalolikuta limefungwa. Kiangazi chenye joto, maji yakisimama, mbwa asinywe wala kulamba matabaka ya kijani au kahawia yaliyokauka kwenye kokoto. Mbwa kadhaa walikufa mwaka 2017 kwa sumu ya bakteria wa aina hiyo. Na ukifika Saint-Brevin ukatamani kushuka kwenye tope kuelekea vibanda vya wavuvi vyenye nyavu za mraba, soma kwanza jedwali la kujaa na kupwa. Bahari inarudi haraka kuliko unavyotembea kwenye tope.